Kabureta ya Beetle ikifurika, pima pampu kabla hujaenda dukani

Nimeshika Beetle, gari dogo la Volkswagen, tangu nikiwa kijana wa kuosha vifaa gerejini hapa Tanga, na kuna jambo moja linaniuma: kabureta nzima za Solex (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) kutupwa bure. Gari ikianza kunuka petroli, watu hukimbilia kununua vali ya sindano, ile inayofungua na kuziba petroli inayoingia kwenye kabureta. Isipotibu, wananunua kabureta mpya ya bei rahisi, ambayo nayo inafurika. Mara nyingi mkosaji yuko pembeni, kwenye pampu ya mafuta, na hakuna aliyempima.

Kabla ya spana yoyote, usalama. Injini ya Beetle ina bloku la aloi ya magnesi. Likishika moto, ukalimwagia maji, umelichochea. Sogeza gari nje ya banda, toa waya wa betri chini ya kiti cha nyuma, uwe na kizimamoto cha unga karibu na ndoo ya mchanga mkavu. Sigara na simu inayochajiwa zikae mbali. Kabureta iko karibu na dainamo (mashine ya kuchaji betri), na mpira wa mafuta unapita jirani na distribyuta yenye cheche. Tone moja likidondokea pale gari inaunguruma, hutakuwa na muda wa kufikiri.

Halafu chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama oili imepanda kuliko alama ya juu, ni nyepesi na inanuka petroli, usiwashe hiyo injini hata kidogo. Petroli imeshapita kwenye silinda, au imevuja kwenye diaframu (utando wa mpira) ya pampu iliyochanika, ikaingia chini. Oili ya namna hiyo hailindi beringi. Mwaga yote, utarudishia lita 2.5 mpya baada ya kutibu chanzo, maana ukirudishia kabla utaimwaga tena. Toa na plagi, zungusha injini kwa mkono kwa spana namba 21 kwenye nati ya dainamo, petroli iliyobaki kwenye silinda itoke.

Sasa hakikisha kwamba kweli ni kufurika. Toa eya klina, mulika tochi kwenye koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, na usikanyage mafuta, kwa sababu ukikanyaga, pampu ndogo ya kuongeza mwendo itarusha petroli na utadhani umekamata mwizi. Koo linatakiwa kuwa kavu. Kama ulimwaga oili, usiwashe, nenda moja kwa moja kwenye kufungua. Kama oili ni salama, rudisha waya wa betri, mwache mwenzako awashe, wewe ukiangalia kwa mbali kidogo. Ikiwa injini inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta na unaona petroli inadondoka kutoka kwenye mdomo wa katikati, au ekseli ya kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) imelowa kwa nje, basi inafurika. Dalili nyingine ni moshi mweusi, plagi zenye masizi makavu, na gari inayotetemeka ikisimama lakini ikikimbia inapata nafuu.

Ikiwa koo ni kavu gari inapounguruma, halafu dakika chache baada ya kuzima ikiwa ya moto ndipo matone yanaanza, hilo ni tatizo jingine. Ni joto linachemsha petroli ndani ya bakuli la kabureta. Sisi wa pwani tunalijua sana. Dawa yake haiko kwenye sindano: angalia mpira unaozunguka chumba cha injini na mabati ya kuzuia hewa ya moto, kwa sababu magari mengi yamepoteza vipande hivyo, injini ikawa inavuta joto lake yenyewe. Ukitaka kuwasha gari iliyo katika hali hiyo, kanyaga mafuta hadi chini, shikilia hapo, kisha piga stata. Usipampu.

Tuseme ni kufurika kweli. Gonga taratibu ubavu wa bakuli kwa mpini wa bisibisi. Kama matone yanakoma, kuna uchafu umekaa kwenye sindano, au sindano inakwama. Umepata jibu, hujapata tiba, kwa hiyo usifunge boneti ukaondoka.

Kufungua ni kazi ya kukaa chini kwa utulivu. Zima, toa tena waya wa betri. Chomoa mpira wa mafuta na uuzibe kwa bolti ya kukaa vizuri, kwa kuwa tangi likiwa limejaa petroli inaweza kuendelea kuja yenyewe. Toa waya wa choki, fungua skrubu tano za kifuniko, kisha kinyanyue wima. Floti, yaani boya dogo, hubaki ndani ya bakuli, vali ya sindano inatoka na kifuniko. Geuza kifuniko, utaiona: kipande cha shaba kinachofunguka kwa spana namba 14.

Kazi yake ni ile ya tangi la choo. Petroli ikipanda, floti inapanda, inaisukuma sindano izibe njia. Unganisha kipande cha mpira safi kwenye mdomo wa kuingizia, bonyeza sindano kwa kidole kidogo tu, puliza. Hewa isipite. Ikipita, toa vali uitazame juani. Ncha yenye mfereji mwembamba uliozunguka imekwisha, badilisha vali nzima. Ikiwa ina punje ya kutu tu, safisha, lakini jiulize kutu imetoka wapi. Imetoka kwenye tangi.

Sasa nataka utazame sana washa, kile kipete bapa kilicho chini ya vali. Watu huitupa, au huirudisha ile ya zamani iliyobonyea. Petroli ina njia mbili za kupita hapo: katikati ya sindano, au pembeni kwenye nyuzi za vali. Sindano mpya kabisa haiwezi kuzuia kinachopita pembeni. Weka washa mpya, kaza vizuri bila kutumia nguvu za kupindukia, kifuniko ni laini. Unene wa washa nao unabadilisha kimo cha petroli: nene inaishusha sindano karibu na floti, inafunga mapema, petroli inakaa chini zaidi. Nyembamba inafanya kinyume. Kwa hiyo weka yenye unene ule ule uliotoka nao, isipokuwa unajua unachotafuta.

Floti itikise sikioni. Ukisikia maji yakicheza, imeingia petroli, imekuwa nzito, haipandi. Ukitilia shaka, izamishe kwenye kikombe cha maji ya moto, mbali na jiko. Povu likitoka umeona ufa. Usiigundishe, nunua nyingine. Weka pia gaskiti mpya juu ya bakuli kabla ya kuifunga, uone kama kingo zake zinaingia ndani. Gaskiti za seti za bei nafuu mara nyingine hukatwa vibaya, zinagusa floti na kuizuia. Kipande cha karatasi tu, na gari zima linakunywa petroli.

Ukiwa hapo shika ule mdomo wa shaba wa kuingizia mafuta, uvute na kuuzungusha kwa vidole. Umepachikwa kwa kubanwa tu. Ukicheza, usirudishe kabureta hiyo garini. Siku ya joto utachomoka na pampu itamwaga petroli juu ya injini. Mpelekee fundi wa leti (mashine ya kuchonga vyuma) aukate nyuzi, uingie kwa kukazwa.

Hapo ndipo wengi wanamaliza. Mimi nakuomba uendelee, kwa sababu ya mwalimu mmoja mstaafu aliyenijia na Beetle ya 1974, injini ya 1600, kabureta Solex 34 PICT-3. Gereji aliyotoka ilishambadilishia vali ya sindano, ikaibadilisha tena, kisha ikamwambia kabureta imekufa.

"Shikamoo mwalimu. Pampu hii ni ya lini?"

"Marahaba. Ya mwaka jana, mwanangu, ile ya zamani ilivuja."

Nikaunganisha geji ya presha kwa kiungo cha njia tatu kati ya pampu na kabureta. Solex hizi zinatosheka na psi (kipimo cha presha) 3 hivi. Geji ya mwalimu ilipita 6. Sindano gani itashikilia hapo?

Pampu ya Beetle inasukumwa na fimbo inayopanda na kushuka juu ya kemu, nundu inayozunguka ndani ya injini. Injini za dainamo zina fimbo ya milimita 108. Zilizokuja baadaye na alterneta (mashine ya kuchaji iliyochukua nafasi ya dainamo) zina pampu nyingine, na fimbo yake ni milimita 100. Mwalimu alifungiwa pampu ya alterneta juu ya fimbo ndefu. Tofauti ya milimita 8 ilikuwa inaiminya diaframu kupita kiasi. Tulimtafutia fimbo fupi, ile kabureta iliyoambiwa imekufa ikakauka koo, na bado anaendesha nayo.

Kupima fimbo hakuhitaji geji. Toa pampu, acha kile kipande cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu) na gaskiti zake mahali pake, zungusha injini kwa mkono mpaka fimbo ifike juu kabisa. Kwa pampu ya dainamo isizidi milimita 13 juu ya gaskiti. Ikizidi, ongeza gaskiti chini ya pampu, pima tena. Wakati wa kurudisha, ncha iliyochongoka inakaa chini kwenye kemu. Bila kile kipande cha bakelaiti fimbo inatokeza zaidi na pampu inapata moto wa bloku, kwa hiyo usikiache nje hata kama kimepasuka kidogo, tafuta kingine.

Waliofunga pampu ya umeme wajue kwamba pampu ya gari lisilo na kabureta, linalonyunyizia petroli kwa kompyuta, inasukuma psi 40 na zaidi. Hiyo haifai hapa hata kwa kurekebishwa. Tafuta ya shinikizo dogo, na iunganishwe kupitia swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika barabarani pampu nayo ikome.

Funga kwa kukaza skrubu za kifuniko msalaba kwa msalaba. Mpira wa mafuta weka mpya wa kipenyo cha ndani milimita 5.5, klipu pande zote mbili, na usiwe na kona kali. Filta ya mafuta ihamishie chini ya gari, karibu na giaboksi, isining'inie juu ya injini kama wengi walivyoizoea. Kisha washa, acha ipate moto, mulika tochi kooni tena. Egesha usiku kucha na asubuhi chomoa kijiti cha oili kabla ya kugusa ufunguo. Kama kimo hakijapanda na hakuna harufu, ndipo uende safari ya Muheza.