PIC16F628A ikisoma sifuri tupu

Umeisoma chipu ya PIC16F628A, kompyuta ndogo ya ndani ya vifaa, na kompyuta yako inakuonyesha 0000, 0000, 0000 mpaka mwisho. Usiitupe kwanza. PIC16F628A isiyo na programu husoma 3FFF kila mahali. Sifuri tupu maana yake ama imefungwa kwa kinga ya programu, ama waya zako hazijashika.

Mimi huanza kwa kutazama namba ya utambulisho wa chipu, kwa sababu hiyo inasomeka hata kinga ikiwa imewashwa. Inatakiwa iwe 1060 au juu yake kidogo, kutegemea toleo. Na yenyewe ikija sifuri, rudi kwenye waya: pini 4 ni MCLR (ya kuanzisha chipu upya), 5 hasi, 14 chanya, 12 ya saa, 13 ya data. Hiyo ya 13 imenisumbua mara nyingi, hasa ikiwa kwenye bodi imeunganishwa na LED.

Namba ikiwa sawa, tazama neno la usanidi, yaani namba ya mipangilio ya chipu, anwani 2007. Likianza na 2, CP, yaani ile kinga ya programu, imezimwa. Likianza na 0, chipu imefungwa, na hakuna kitufe cha kuifungua ukabaki na programu iliyomo. Unaifuta yote au unaiacha. Niliwahi kufuta chipu ya geti la mteja kabla sijamuuliza kama ana nakala. Hakuwa nayo. Nilikaa siku nne naandika programu upya, bure, huku yeye akifungua geti kwa mkono.

Sasa, umebonyeza kufuta, umesoma tena, bado sifuri. Hapa pima volti. Kufuta kwa jumla, ndiko kunakoondoa kinga, kunataka volti 4.5 hadi 5.5. Chipu yenyewe hufanya kazi hata kwa volti 3, ndiyo maana watu wanadanganyika: saketi inawaka vizuri, kwa nini isifutike? Kidhibiti kimoja cha tangi la maji kilikuwa kinatumia betri tatu za AA. Nikaweka mita kati ya pini 14 na 5: 4.1. Nikatoa betri, nikaiwasha kwa volti 5 za PICkit, kifaa changu cha kuandikia chipu, nikafuta mara moja, zikaja 3FFF.

Kuna na hili la kujifungia mwenyewe. Ukiandika `#pragma config CP = ON` kwenye programu yako, kifaa kitafanya kazi, lakini ukija kuhakiki baadaye utaambiwa imeshindikana tangu anwani ya 0. Chipu haina kosa, inakataa kusomwa kama ulivyoiagiza. Wakati wa majaribio acha `CP = OFF` na `CPD = OFF` (CPD ni kinga ya data). Mimi huwasha CP siku ya kukabidhi kazi tu, faili ya hex, yaani programu iliyo tayari kuingizwa kwenye chipu, ikiwa tayari kwenye flashi mbili.