Kuvundika Nyanya za Kijani Ndani ya Nyumba Kabla ya Jalidi

Kwa wenzetu wanaolima bustani ndogo Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Septemba ni wakati wa kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kila jioni. Mjini Minneapolis jalidi (umande ulioganda kwa baridi) ya kwanza kwa kawaida huanguka mapema Oktoba, na vitongojini mara nyingi hutangulia. Usiku mmoja wa jalidi kali huharibu nyanya zote zilizosalia, hivyo ni afadhali kuzichuma zingali za kijani.

Si kila nyanya itaiva. Iliyokomaa imefikia ukubwa wake, ngozi yake inang'aa, na ukijani wake umeanza kufifia kuelekea weupe, hasa kitakoni. Ukiwa na shaka, pasua moja: mbegu zikiwa zimezungukwa na ute na zikikikwepa kisu, nyingine za aina na ukubwa huo zitaiva, zikikatika pamoja na nyama ngumu, hizo ni za achari. Zenye mabaka ya kahawia ya ugonjwa wa bakajani chelewa (late blight) zitupwe, kwani zitaoza tu.

Wengi huzipanga dirishani zipate jua, jambo nisiloliafiki. Nyanya iliyochumwa haihitaji mwanga ili iive, bali joto la wastani na gesi ya ethilini ambayo huitoa yenyewe. Tena joto likizidi nyuzi 30 za Selsiasi, wekundu hautokei vizuri. Ondoa vikonyo visije vikatoboa jirani, futa maji, kisha zipange safu moja ndani ya boksi lenye gazeti bila kugusana. Ndizi mbivu ikiwekwa kati yake huongeza gesi hiyohiyo. Mfuko wa plastiki uliofungwa usitumike, maana hufuga unyevu na ukungu.

Kwenye nyuzi 65 hadi 70 za Farenhaiti, yaani 18 hadi 21 za Selsiasi, huchukua takriban wiki mbili; kwenye nyuzi 55 (13 za Selsiasi), huweza kufika mwezi. Kwa hiyo boksi moja likae jikoni na jingine kwenye chumba cha chini ya nyumba chenye ubaridi, zisiive zote kwa pamoja. Friji si mahali pake, kwa kuwa chini ya nyuzi 50 (10 za Selsiasi) hudumaa na kupoteza ladha. Zikague kila baada ya siku mbili au tatu, uitoe iliyolainika kabla haijachuruzika.

Ladha yake haitafikia ya nyanya iliyoivia kwenye mmea, hivyo mimi huzitumia zaidi kwenye mchuzi wa maharage kuliko kwenye kachumbari.