Kuwaleta Wamirihi wa Wells kwenye meza ya mchezo

Kiumbe wa riwaya ameumbwa ili amtie msomaji hofu na mshangao. Kwenye mchezo wa kuigiza wahusika, ambapo kila mchezaji humwongoza mhusika wake na dadu huamua matokeo, hilo halitoshi, maana wachezaji hawakuja kusomewa, wamekuja kuamua. Kwa hiyo kabla hujampa kiumbe hata namba moja, ichukue kila sifa yake uiulize: inamlazimisha mchezaji achague nini? Sifa yenye jibu ipe kanuni. Isiyo na jibu iache iwe maelezo tu, hata kama ni nzuri namna gani.

Mfano wetu ni Wamirihi wa H. G. Wells, viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza katika riwaya ya The War of the Worlds ya mwaka 1898. Wanafaa kwa sababu mbili. Kwanza, Wells alifariki mwaka 1946, na haki yake imekwisha Uingereza (miaka 70 baada ya kifo) na pia Kenya na Tanzania (miaka 50), kwa hiyo unaweza hata kuuza kijitabu chako. Filamu na michoro iliyokuja baadaye ina wenyewe; mashine yako ya miguu mitatu, ile wanayoiendesha Wamirihi, itokane na maneno ya kitabu, isitokane na picha ya sinema. Pili, Wells alisomea biolojia, na inaonekana: karibu kila kiungo cha kiumbe wake kina sababu.

Kanuni zinazotumika hapa ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano. Kanuni zake za msingi ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na sharti kubwa ni kutaja chanzo.

Soma ukiwa na kalamu

Andika kila kitu ambacho kitabu kinasema juu ya mwili, silaha, chakula na mazoea yao. Utapata orodha ndefu: kichwa kikubwa cha mviringo chenye upana wa futi nne hivi, minyiri 16 iliyogawanyika mafungu mawili ya nane nane, ngozi inayong'aa kama ngozi iliyolowa, hawana pua, hawalali, hawana jinsia, wanajidunga damu ya viumbe hai badala ya kula. Kwenye mashine zao hakuna gurudumu hata moja.

Sasa chuja. Kukosa pua hakubadilishi lolote mezani. Kutolala kunabadilisha mengi, kwa sababu wachezaji wamezoea kuvamia kambi usiku wa manane. Kukosa gurudumu ni pambo tu. Damu ni sifa nzito, na kabla ya kuitumia waulize wachezaji wako kama wako tayari kwa kisa cha namna hiyo. Mmoja akisema hapana, Wamirihi wachukue mateka tu na lililobaki lisisemwe.

Silaha mbili zinazovutana

Hapa ndipo penye utajiri wenyewe, na waigaji wengi wanapapita mbio.

Mwale wa joto hauonekani. Unachoma mti, nyumba na mtu kwa mpigo mmoja, lakini kule Horsell, karibu na mji wa Woking, Uingereza, kifusi cha mchanga kinauzuia na kuokoa watu waliokuwa nyuma yake. Kanuni basi: udongo unakinga kabisa, mbao na vichaka havikingi chochote. Mchezaji mwenye akili atajitupa mtaroni.

Halafu kuna moshi mweusi. Ni mzito kuliko hewa, unatiririka kwenye mabonde na mitaro, na unaua. Aliye juu ya paa au ghorofani ana nafasi ya kupona, na mvuke wa maji unausafisha. Mtaro uliomwokoa mtu dhidi ya mwale sasa ndio kaburi lake. Akipanda juu akwepe moshi, mwale unamwona.

Usizitoe silaha hizi pamoja siku ya kwanza. Toa mwale kwenye kikao cha kwanza, waache wachezaji waizoee mitaro, kisha leta moshi kikao cha pili. Zikitoka pamoja mapema, kundi linaona kwamba hakuna njia na linaacha kufikiri.

Namba za mashine ya miguu mitatu

Mashine na dereva wake ni viumbe wawili. Ukiwafanya mmoja, unapoteza tukio zuri kuliko yote katika pambano la Shepperton: kombora linampata dereva, naye anakufa, lakini mashine inaendelea kutembea moja kwa moja bila mwenyewe, inaangusha mnara wa kanisa, kisha inaporomoka mtoni na maji yanageuka mvuke.

Mashine: kinga 15 (namba ambayo anayeishambulia lazima aifikie kwa dadu ya pande 20 na nyongeza zake), alama za uhai 135, zilizogawanywa kwa miguu mitatu, 45 kila mguu. Mguu mmoja ukivunjika, mashine inaanguka. Inakanyaga kwa nyongeza ya +6, madhara ni dadu 4 za pande 10 (wastani 22). Mwale ni mstari wa futi 120, upana futi 5: jaribio la Wepesi la 15 (anayelengwa arushe dadu ya pande 20, aongeze Wepesi wake, afikishe 15), dadu 8 za pande 6 (wastani 28), nusu kwa anayefaulu. Ukishatumika, rusha dadu ya pande 6 kila mwanzo wa zamu. Mwale unarudi ikitokea 5 au 6. Kabla ya kuupiga, mashine lazima imalize zamu moja ikiwa imenyanyua bomba la mwale. Onyo hilo usilifute, kwa sababu bila hilo mchezaji hana uamuzi wa kufanya, anahesabu tu majeruhi.

Hesabu inakubali. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa mwaka 2014 unataka kiumbe wa daraja la 5 (kipimo cha ugumu wa adui) awe na uhai 131 hadi 145, kinga 15, na madhara 33 hadi 38 kwa raundi, kwa wastani wa raundi tatu. Raundi ya kwanza mashine inakanyaga (22), ya pili inapiga mwale, ambao huhesabiwa kama umepata watu wawili (56), ya tatu inakanyaga tena (22). Jumla 100, gawa kwa tatu, unapata 33.

Usiwapeleke wahusika wa ngazi ya kwanza. Mchawi wa ngazi hiyo ana uhai kama 8. Hata akifaulu jaribio lake anapata 14 na kuanguka. Anzia ngazi ya 5.

Dereva akifa, mashine iende futi 60 mbele kila raundi, bila kukata kona, mpaka igonge kitu kikubwa. Aliye njiani afanye jaribio la Wepesi la 13 au apate dadu 4 za pande 10. Ikiangukia majini, kila aliye ndani ya futi 30 anababuliwa na maji ya moto, dadu 3 za pande 6.

Dereva akitoka nje ni dhaifu. Nguvu ya uvutano ya Mirihi ni kama asilimia 38 ya yetu, hivyo hapa kwetu uzito wa mwili unamlemea. Mpe kinga 8, uhai 27, mwendo wa futi 10, Wepesi 6, Akili 20.

Mashine ina kikapu cha chuma mgongoni cha kutupia watu. Mhusika anayefikia sifuri asiachwe afe, atiwe kikapuni. Kundi likishindwa lote, kikao kijacho kinaanzia kwenye shimo la Wamirihi, na hujampoteza mhusika yeyote.

Bakteria

Kitabuni Wamirihi wanakufa kwa vijidudu ambavyo miili yao haina kinga navyo. Mezani mwisho huo ukija wenyewe ni dhuluma: wachezaji wamehangaika wiki kadhaa, kisha adui anaugua bila wao kuhusika. Chora duara la vipande 8. Jaza kipande kimoja kila Wamirihi wanapokula, na viwili wachezaji wanapowafikishia ugonjwa kwa makusudi. Kwenye kipande cha 5 Wamirihi warushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Kwenye cha 8 wanakufa.

Wachezaji watajuaje? Tumia majani mekundu waliyokuja nayo, yanayoziba mito kwa kasi. Nayo yanaoza kwa bakteria, yanapauka na kuvunjika mkononi. Yaonyeshe yakiwa mabichi, kisha yakiwa na madoa, kisha yakiwa makavu, sehemu tatu tofauti, kwa sababu dalili moja huwa inapitwa. Atakayeuliza yanakufa kwa nini mpe jibu lote bila kumrushisha dadu.

Mchezaji akitaka kuwa Mmirihi, mkatalie kwa upole; kiumbe anayejikokota kwa shida atamchosha. Mpe Mselenaiti, mkazi wa mwezini wa Wells wa mwaka 1901, ambaye mwili wake umeumbwa kulingana na kazi yake. Achague kazi kwanza, mwili ufuate.

Kabla ya kikao, cheza raundi tatu peke yako. Wahusika wanne wa ngazi ya 5, kila mmoja akileta madhara 12 na kupata shabaha mara 65 kwa 100, wanatoa 31 kwa raundi. Mguu unavunjika raundi ya pili, wakati kumaliza mashine nzima kungechukua tano. Kundi lako likiuvunja raundi ya kwanza, pandisha kila mguu hadi 60 na uuache mwale ulivyo.