Pima boti ikiwa bado majini

Kaka yangu alikuwa ameshachagua kabla sijafika. Boti mbili za pantoni zilifungwa kwenye gati moja, moja ya bluu na nyingine ya kijivu, naye alikuwa amekalia kiti cha nahodha cha ile ya bluu, akipapasa ngozi mpya. Mimi ni fundi wa kuchomelea alumini kwa miaka 19 sasa, na mingi kati ya hiyo nimeimaliza nikiziba mabomba ya boti za aina hii. Aliniita nimwambie kwamba amechagua vizuri. Nikamwomba futi kamba.

Boti ya pantoni ni sakafu bapa iliyokaa juu ya mabomba mawili au matatu ya alumini yaliyozibwa. Hewa iliyomo ndani ya mabomba ndiyo inayoibeba. Viti, kivuli, redio na zulia vyote ni abiria tu. Kwa hiyo ukiwa na boti mbili zilizotumika mbele yako na huna uhakika uchukue ipi, anzia chini upande juu, na uanze boti ikiwa bado majini. Ikishapandishwa kwenye tela, kuna jambo moja kubwa ambalo haitakuonyesha tena.

Jambo lenyewe ni hili. Boti ikiwa imetulia na hakuna mtu juu yake, pima kutoka ukingo wa sakafu hadi usawa wa maji kwenye pembe zote 4. Tezi, yaani nyuma, itakuwa chini kidogo kuliko omo, yaani mbele, kwa sababu ya uzito wa mashine, na hilo lisikusumbue. Kinachotafutwa ni tofauti ya kushoto na kulia. Boti ya kijivu ilisoma sentimita 44 na 43.5 omo, 41 na 40.5 tezi. Ile ya bluu ilisoma 46 na 40 omo, 42 na 36 tezi. Upande wa kulia ulikuwa umezama sentimita 6 zaidi, na kwa macho tu hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata kaka yangu aliyeikalia kwa nusu saa.

Usihukumu papo hapo. Angalia kwanza betri na tangi la mafuta viko upande gani, na kama kuna pipa la barafu au sanduku la kuhifadhia samaki lililojaa maji. Kwenye ile ya bluu tangi lilikuwa katikati na betri ilikuwa kushoto, upande ulioinuka. Hapo nikajua kuna maji ndani ya bomba la kulia.

Mwenye boti alikuwa muungwana, akakubali tuivute juu tufungue kizibo cha chini. Si kila bomba lina kizibo, lakini hilo lilikuwa nacho kwenye sehemu yake ya nyuma. Tukakinga ndoo 7 na nusu za lita 20. Hizo ni kilo 150, sawa na watu wawili wazima waliokuwa wakisafiri humo kila siku bila kujulikana. Mwenyewe alishangaa kweli, na ninamwamini. Bomba huvuja polepole, na anayeiona boti kila wiki huizoea, haitazami tena kwa makini.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu boti yangu ya kwanza niliinunua bila kupima. Ilianza kulala upande tukiwa mbali na ufuko, watoto 4 ndani, upepo umeshaanza. Tulifika salama kwa sababu mabomba mengi hugawanywa ndani kwa kuta, kila chumba na hewa yake, na chumba kimoja tu ndicho kilichojaa. Sijasahau sura za wale watoto nilipowaambia wote wahamie upande wa pili na wasisimame.

Boti ikiwa juu ya tela, lala chini kabisa. Pitisha mkono kwenye bomba zima, hasa tumboni, panaposuguana na mchanga. Kama ni asubuhi na hewa ina unyevu, tazama jasho: sehemu yenye maji ndani hubaki baridi, na matone hujipanga nje mpaka pale maji yalipofikia. Gonga kwa ngumi kuanzia omo hadi tezi. Palipo na hewa pataitika kama ngoma, penye maji patazima sauti. Mbonyeo mdogo wa mviringo hauna neno. Mkunjo wenye ncha kali karibu na mshono wa kuchomelea una neno, kwa sababu alumini iliyokunjwa hapo hupasuka. Unga mweupe wenye vishimo chini yake ni kutu ya alumini. Uliza basi boti ililala kwenye maji ya chumvi au ya baridi, na ilipakwa rangi gani chini. Rangi ya kuzuia uchafu yenye shaba huila alumini, na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hufanya vivyo hivyo zikigusana nayo.

Ukiruhusiwa kupima kwa hewa na povu la sabuni, tumia pampu ya mkono yenye kipimo na usipite psi 2, yaani pauni 2 za shinikizo kwa kila inchi ya mraba. Watu huidharau namba hiyo. Kwenye kifuniko cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 58, psi 2 husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 370, na unene wa ukuta ni milimita 2 au 3 tu. Nimeletewa mabomba yaliyopasuliwa na kompresa, na mengine hayakufaa kurudishwa.

Je, bomba linalovuja linazibika? Ndiyo, kama ufa ni mmoja na alumini inayouzunguka ina afya. Fundi lazima alikaushe kabisa, na aache tundu wazi wakati wa kuchomelea, maana hewa iliyofungiwa ikipata moto hutanuka na kulipua mshono kabla haujaganda. Nisingekataa boti kwa sababu ya ufa mmoja. Ile ya bluu ilikuwa na mengine.

Vua viatu, panda juu, tembea polepole ukikanyaga kwa kisigino. Sakafu nyingi ni plaiwudi ya milimita 19 hivi, na nyayo hutambua ulaini kabla ya macho. Kaa zaidi kwenye mlango, chini ya viti na nyuma karibu na mashine, kwa kuwa hapo maji husimama. Zulia la ile ya bluu lilikuwa jipya kabisa, limegundishwa kwa gundi hadi pembeni. Kaka alilihesabu kuwa faida. Mimi zulia jipya juu ya boti kuukuu hunifanya nirudi chini na tochi. Kule nilikuta madoa meusi kuzunguka bolti 9, na karibu na mlango bisibisi iliingia kwenye ubao kama kwenye mkate uliolowa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa hata hicho kipande kilikuwa kimeoza. Kubadilisha sakafu si kazi ya mbao peke yake. Unang'oa viti, reli, usukani na nyaya, kisha unavirudisha vyote. Kwa mafundi wawili ni siku nyingi.

Ukiwa bado chini, hesabu mihimili inayoshika sakafu. Iliyopangwa kila sentimita 40 hufanya sakafu isiyonesanesa. Kila sentimita 60 bado ni salama kwa safari za utulivu, ila watu wakijaa utaisikia miguuni. Kisha mwambie mwenzako ashike mguu wa mashine autikise juu na chini, wewe ukitazama viungo vya sehemu inayoibeba. Ufa ukifunguka na kufunga pale, achana nayo.

Sasa mashine, ambayo wengi huanzia hapo. Weka kiganja juu ya kifuniko chake kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna aliyeiwasha mapema, na hujui alikuwa anaficha nini. Rudi siku nyingine uikute ya baridi. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Pima mgandamizo wa silinda zote: tofauti isizidi asilimia 10 au hivyo. Maji ya kupooza yatoke nje kwa nguvu. Zungusha pangaboi kwa mkono, angalia kama mhimili wake umepinda na kama kuna mshipi wa kuvulia umejiviringa nyuma yake. Mashine ya ile ya bluu ilikuwa ya nguvu farasi 60 na changa kuliko ya kijivu, iliyokuwa na 50 na imeshafanya kazi saa 610. Lakini ya kijivu ilikuwa na daftari la matengenezo kila saa 100, na silinda zake zilisoma karibu sawa. Mashine inang'olewa na nyingine kufungwa kwa siku moja.

Kaka alibaki na hoja moja: ya bluu ni ndefu, mita 6.7 kwa 6.1, itabeba watu zaidi. Nikamfanyia hesabu kwenye kiganja cha mkono. Mabomba ya bluu yana kipenyo cha sentimita 58, ya kijivu 64. Kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo sentimita 6 zile zina uzito kuliko urefu wote ule: bomba moja la bluu lina ujazo wa lita 1,770 hivi, la kijivu lita 1,960. Boti fupi ndiyo yenye uwezo wa kuelea zaidi. Hata hivyo, idadi ya watu ifuate kibati cha uwezo kilichopigwa na mtengenezaji. Kibati kikiwa hakipo, uliza kwa nini, na ulinganishe namba ya boti na ya mashine na zile zilizoandikwa kwenye karatasi.

Viti vilivyopauka havikunishughulisha, isipokuwa kuinua mito na kutazama kama sehemu ya chini yake ni ya plastiki au ya mbao. Tela nililimaliza kwa kuzungusha magurudumu kusikiliza beringi na kusoma tarehe kwenye tairi.

Tulichukua ya kijivu baada ya kuiendesha tukiwa watu 6, pamoja na mama, ambaye magoti yake hayapendi mtikisiko. Zile namba 4 za pembeni nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha sanduku la betri. Kaka huzipima tena kila mwanzo wa mwezi, kabla mtu hajapanda.