Somo: Dawa ya kulainisha choo, na kusafisha utumbo kabla ya kipimo

Laktulosi na makrogoli hazikandi utumbo. Hubaki humo ndani, zikavuta au kushikilia maji, na choo kikalainika. Ndiyo maana anayezinywa bila kunywa maji ya kutosha haoni nafuu.

1. Hakikisha ni choo kigumu tu. Tumbo likivimba, ukatapika, hata ushuzi ukakataa kutoka, usinywe chochote, wahi hospitali. Choo chenye damu nacho kaonyeshe.

2. Kunywa kipimo ulichoandikiwa, kisha subiri. Laktulosi huchukua siku 1 hadi 2, makrogoli hata 3. Wengi huongeza dozi usiku uleule, kesho wanaharisha. Gesi ya mwanzoni isikutishe: bakteria wanachachua ile sukari ya laktulosi.

3. Kusafisha utumbo kwa ajili ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa kamera, ni kazi nzito zaidi. Makrogoli yenye chumvichumvi hunywewa lita 2 hadi 4, mara nyingi nusu jioni, nusu asubuhi ya kipimo. Fuata karatasi uliyopewa. Siku chache kabla, acha mapera, nyanya na vyote vyenye mbegu. Siku ya mwisho ni chai ya rangi, au supu ya sato iliyochujwa ikabaki maji. Juisi ya rozela hapana kabisa, wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Dawa ikipozwa hunyweka vizuri. Ukianza kutoa maji ya njano, maangavu kiasi cha kuona sakafu ya choo, umefika. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu dawa zake.

Maswali ya wanachama

*Dada, nimemaliza nusu na natoa maji tupu. Si inatosha?*
Haitoshi, mdogo wangu. Usiku nyongo na ute hushuka tena kutoka utumbo mdogo, vikafunika upande wa kulia wa utumbo mpana. Nusu ya pili ndiyo inayousafisha.

*Natokea Ukerewe, kipimo ni asubuhi hospitali ya Bugando, Mwanza. Ninywee nyumbani?*
Vuka siku moja kabla, ulale kwa ndugu mjini. Meli kutoka Nansio huchukua kama saa 3, na dawa hii haikupi hata dakika 10 za kujizuia.

*Shikamoo mama. Baba ana shida ya figo, dukani wamempa chumvi ya magnesi, wanasema inawahi.*
Marahaba mwanangu. Inawahi kweli, ndani ya saa chache, lakini asiinywe. Sehemu ya magnesi huingia kwenye damu, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikijaa huvuruga mapigo ya moyo. Mpigieni daktari wake leo.