Namna ya kupanga matukio ya shule ya kata ili kila mzazi aweze kufika

Kalenda ya matukio ya shule haianzi na jina la mgeni rasmi. Huanza na mtihani, kisha mvua, kisha mfuko wa mzazi. Mgeni rasmi anatafutiwa nafasi katika siku zinazobaki.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata huku milima ya Usambara, wilayani Lushoto, na ukatibu wa kamati ya matukio nimeushika tangu enzi za wanafunzi ambao leo wanatuletea watoto wao kidato cha kwanza. Haya nawaandikia walimu wenzangu na wazazi walio kwenye kamati kama yetu: shule ya kutwa, isiyo na ukumbi, ambayo wazazi wake wengi wanaishi kwa jembe. Walio mjini watachukua yatakayowafaa.

Kwanza tarehe ambazo si zenu

Wiki ya kwanza ya Januari, kabla vipindi havijashika kasi, kaeni mezani watu wanne: makamu mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, katibu, na mzazi mmoja anayelijua eneo vizuri. Andikeni kwanza tarehe ambazo shule haina uwezo wa kuzisogeza. Kalenda ya mihula inatoka wizarani. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba, na upimaji wa kidato cha pili unaangukia msimu huo huo. Mtihani wa majaribio, mock, nao una siku zake. Mwezi Juni kuna UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na mwalimu wa michezo huondoka na wachezaji wake. Mwenge wa Uhuru ukiwa wilayani, msitegemee kumpata kiongozi yeyote wa halmashauri.

Kisha ibada. Huku kwetu Mwislamu na Mlutheri wanakaa dawati moja, na Wasabato wapo. Ijumaa mchana ni ya swala, Jumamosi ni Sabato, Jumapili ni kanisani. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda hii ya kawaida, kwa hiyo kunakili ratiba ya mwaka jana ni kujitafutia siku ambayo nusu ya wageni wamefunga na nusu nyingine wanakula pilau. Muulizeni imamu na mchungaji mapema. Wanafurahi kuulizwa, na ndio hao hao mtakaowaomba watangaze.

Halafu gulio. Hili walimu wanaotoka mbali hulisahau. Mama anayelima kabichi, karoti na hoho ana siku moja au mbili za kuuza katika wiki. Mkiweka kikao siku hiyo, mnamtaka achague kati ya ripoti ya mtoto na chakula cha mtoto, na hamna haki ya kusema hajali elimu asipofika. Mzazi aliye mezani ndiye atakayewaambia gulio la kila kijiji ni siku gani.

Mwisho mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na barabara zetu za udongo mwekundu zikilowa bodaboda hazipandi. Vuli huanza Oktoba. Msipange jambo la uwanjani katika miezi hiyo kwa kutumaini turubai.

Mkishafuta siku zote hizo, karatasi inabaki na nafasi chache, nanyi mtaona wazi kwamba matukio manne makubwa yanatosha kwa mwaka mzima: kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza mwanzoni mwa Februari, kikao cha matokeo mwezi Julai muhula wa pili ukianza, mahafali ya kidato cha nne ndani ya Septemba, na siku ya waliosoma zamani mwishoni mwa Desemba. Midahalo, ligi ya madarasa na usafi wa pamoja viendelee bila kumwita mzazi. Mzazi anayeitwa kila mwezi mwishowe haji hata siku ya maana.

Mahafali yawe Septemba

Nalisisitiza hili kuliko yote. Shule nyingi huyasogeza mahafali hadi katikati ya Oktoba kwa sababu mgeni rasmi hana nafasi kabla ya hapo. Mnajua kinachofuata: wiki mbili za mazoezi ya kwaya, ngonjera na maigizo, siku yenyewe, siku ya kupiga picha, siku ya uchovu, na mtoto anarudi kwenye daftari la hesabu Novemba ikiwa mlangoni. Yakifanyika Septemba anabaki na mwezi mzima na zaidi wa kusoma kwa utulivu. Nako huku Septemba ni kukavu na baridi imelegea.

Mazoezi yawe baada ya vipindi, na burudani ziachiwe zaidi kidato cha tatu na cha pili. Wanaoagwa watayarishe mambo mawili tu, wimbo wao na risala yao. Risala isizidi kurasa mbili za daftari. Mwalimu aisome kabla, ila asiiandike upya kwa maneno yake. Watoto wakieleza kwamba maabara haina maji, waacheni walieleze.

Kuhusu mgeni rasmi nina msimamo. Diwani na afisa elimu kata ni watu wetu, waalikwe kila mwaka, wakae meza kuu. Lakini anayetoa neno kwa wahitimu apatikane kati ya waliosoma pale pale shuleni. Muuguzi wa zahanati aliyekalia madawati yale na kupanda mlima ule kwa miguu anasikilizwa kwa namna ambayo mgeni wa kutoka mbali hasikilizwi. Tena anafika kwa wakati, kwani anatembea.

Joho, keki ya ghorofa tatu na gari la mapambo viacheni. Sare safi inatosha. Kila kinachoongezwa hapo kinatoka kwa mzazi, na wapo watakaokopa kwa aibu.

Barua

Tangazo la WhatsApp ni zuri kwa walio Dar es Salaam. Kwa mzazi wa kijijini barua ya karatasi ndiyo inayofika, kwa sababu inabebwa na mtoto na inakaa juu ya kabati. Itoke wiki nne kabla, herufi kubwa, ukurasa mmoja, isiwe na lugha ya ofisini. Mfano wetu ni huu:

*Ndugu mzazi au mlezi wa ……………,*
*Karibu kwenye mahafali ya kidato cha nne hapa shuleni siku ya …………, tarehe …………. Tutaanza saa 3:00 asubuhi na tutamaliza saa 7:00 mchana. Babu, bibi, shangazi au kaka anayemlea mtoto anakaribishwa sawa na mzazi. Utapata chai na chakula cha mchana. Hakuna kiingilio na hakuna zawadi ya lazima. Mwanao atashiriki hata kama hukuchangia. Ukihitaji msaada wa kupanda hadi shuleni, mwambie mwanao atueleze.*
*Katibu, kamati ya matukio.*

Kila sentensi ya barua hiyo ina kazi. Saa ya kumaliza imeandikwa kwa sababu mtu mwenye mbuzi wa kulisha na gari la mwisho la kuwahi hataki mwaliko usio na mwisho. Walezi wametajwa kwa sababu watoto wengi wa huku wanalelewa na bibi, na bibi akiona neno "wazazi" peke yake humwambia mjukuu, "Hiyo si yangu." Sentensi ya michango imewekwa kwa ajili ya yule anayekaa nyumbani akihofia kutajwa hadharani. Chini ya barua acheni kipande cha kukatwa: jina, sahihi au dole gumba, na idadi ya watakaokuja. Vipande hivyo ndivyo vitakavyowaambia mpike kilo ngapi za mchele. Kwa mzazi asiyesoma, mwambieni mtoto amsomee barua yote kwa sauti, kwa Kisambaa ikibidi.

Wiki mbili kabla, tangazo lipelekwe msikitini, kanisani na kwa wenyeviti wa vitongoji. Siku tatu kabla, ujumbe mfupi wa simu wenye mambo matatu tu: siku, saa, mahali.

Walio Dar wajulishwe miezi miwili kabla. Basi linapita Chalinze na Segera, linaacha barabara kuu pale Mombo na kupanda kupitia Soni. Safari hiyo inakula siku nzima, na mtu anahitaji kuomba ruhusa kazini.

Fedha

Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, na mwaka 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kuwadai wanafunzi michango. Kwa hiyo sherehe ya shule inaendeshwa kwa hiari, na hiari maana yake ni kwamba asiyetoa haulizwi. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani, asiachwe nje ya picha, jina lake lisirukwe. Mkifanya hivyo kwa mtoto mmoja tu, wazazi wote watajua kabla ya jua kutua, na hiari imekufa.

Utaratibu wetu ni kwamba mwalimu hashiki shilingi. Kikao cha wazazi cha Julai kinachagua watu watatu, angalau wawili wakiwa wanawake, nao wanapokea, wanaandika na kutoa stakabadhi, mkuu wa shule akiwa na taarifa na bodi ya shule ikiwa imeridhia. Kupokea kusiwe kwa fedha peke yake. Debe la mahindi, gunia la viazi, kuni, ndizi, plamu za msimu, siku moja ya kupika: vyote vinaandikwa kwenye daftari lile lile, mstari ule ule, bila kubadilishwa kuwa bei. Mzazi aliyeleta kuni asijione chini ya aliyetuma kwa simu.

Ndani ya wiki moja baada ya tukio hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mapato na matumizi, hadi chumvi. Kilichobaki kiandikwe kitafanya nini.

Kikao cha matokeo

Kifupi tu. Msisome nafasi za watoto mbele ya watu. Mzazi anayesikia mwanawe ametajwa wa mwisho hatarudi, na mtoto atalipia njiani. Kikao cha pamoja kiwe saa moja, kisha kila mzazi akae na mwalimu wa darasa dakika tano, ripoti mkononi, mtoto akiwa pembeni yao. Dakika tano zinatosha kuuliza mambo mawili: anasoma wapi usiku, na ni nani anayemwamsha asubuhi.

Waliosoma zamani

Hapa ndipo shule nyingi zinapopoteza hazina. Zinawakumbuka wahitimu paa likivuja, zinawatumia barua ya maombi, halafu kimya hadi paa livuje tena.

Anzeni na rejista ya uandikishaji iliyo ofisini. Kwa kila mwaka wa kuhitimu tafuteni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akiwajua wenzake wote, mara nyingi dada mkuu au nahodha wa timu. Yeye atawapata wengine ndani ya siku chache kuliko tangazo lolote. Orodha iwe na jina, mwaka, kazi na mahali alipo, na kila mtu akubali mwenyewe kuandikwa.

Siku bora ni kati ya Krismasi na mwaka mpya, watu wetu wanapopanda kutoka Tanga, Arusha na Dar kuja kuwaona wazee. Mtasema wanafunzi wako likizo. Shule ya kata ni ya kutwa; watoto wapo nyumbani, dakika chache kutoka uwanjani, na mpira ukilia wanakuja. Sisi tunafanya bonanza: asubuhi wahitimu dhidi ya wanafunzi kwa mpira wa miguu na pete, mchana mazungumzo chini ya mti.

Mazungumzo hayo yapangeni kwa uangalifu. Msimwite tu mwenye gari. Mwiteni fundi cherehani mwenye vijana anaowafundisha, dereva wa bodaboda aliyejenga, mkulima aliyepata mnunuzi Kariakoo, mwalimu, askari, mama aliyeacha shule kwa ujauzito kisha akasoma tena. Kila mmoja akae na wanafunzi kumi wa kidato cha tatu na kujibu maswali yao. Hotuba hapana. Wasichana wapate kundi lenye mwanamke wa kumuuliza wasiyoweza kutuuliza sisi walimu wao.

Kisha wapeni kazi kabla ya kuwaomba fedha. Seremala atengeneze madawati matano siku hiyo hiyo, wanafunzi wakimshikia mbao. Mwenye kompyuta afundishe kujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Mtu aliyeifanyia shule kitu kwa mikono yake ataiuliza habari mwenyewe, na mfuko wake utafunguka bila barua.

Siku yenyewe

Anzeni saa mliyoandika, hata meza kuu ikiwa na viti vitupu. Wazazi waliotembea tangu alfajiri ndio waliowahi, na heshima ni yao. Mgeni akichelewa atakuta burudani zikiendelea. Wazee na wajawazito wakae kivulini kwanza, meza kuu baadaye. Maji ya kunywa yawe pande mbili za uwanja. Vyoo vifunguliwe na kusafishwa asubuhi, kimoja kitengwe kwa wageni wenye shida ya kutembea. Mshereheshaji awe mwalimu au mwanafunzi anayejua majina ya watu. Wapishi wapewe chakula chao kabla ya wageni, kwa sababu waliamka saa 9 usiku.

Kila jina la mhitimu litamkwe kamili, polepole, na mzazi asimame naye anapopokea cheti chake cha kuhitimu. Ratiba ikiwa imebanwa, punguzeni hotuba.

Jioni, kabla kamati haijatawanyika, andikeni kwenye daftari la matukio nani alikopesha turubai, masufuria yalitoka kwa nani, mchele ulibaki kiasi gani, mzazi gani hakufika na kwa nini. Daftari libaki ofisini kwa makamu mkuu na nakala kwa mwenyekiti wa wazazi, maana walimu tunahamishwa, na anayenifuata asilazimike kuanza kuulizia gulio ni siku gani.