Utafiti wa tabia za afya chuoni: anza na tendo moja

Wanafunzi wengi wanaochukua uhamasishaji wa afya na mabadiliko ya tabia katika vyuo vyetu, iwe Muhimbili au kwingineko, huja na hamu kubwa ya kuelimisha jamii. Hamu hiyo ni njema, ila ndiyo inayoharibu mapendekezo mengi ya utafiti. Huandikwa kana kwamba watu hawatendi kwa sababu hawajui, na mara nyingi wanajua vizuri sana.

Kwanza taja tendo moja. "Kuboresha afya ya mama na mtoto" si tendo. "Mjamzito wa kata hii kuhudhuria kliniki mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12" ni tendo: mtendaji anajulikana, mahali panajulikana, wakati unajulikana, na unaweza kulihesabu kwenye rejista ya zahanati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki hizo 12. Kama tendo lako haliingii kwenye sentensi moja, usiguse dodoso.

Kisha tafuta kizuizi, na hapo ndipo nadharia inapofanya kazi. Modeli ya imani za afya ilianzia Marekani miaka ya 1950, wanasaikolojia walipojiuliza kwa nini watu hawaendi kupimwa kifua kikuu ilhali kipimo ni bure. Inauliza kama mtu anajiona yumo hatarini, anaona ugonjwa ni mzito, anaona faida ya kutenda, nini kinamzuia na nini kinamchochea. Mjamzito anaweza kujua faida zote za kliniki, lakini akaogopa kurudishwa kwa kuwa hakuja na mwenza, au hataki mimba ijulikane mapema, au nauli iko mkononi mwa mtu mwingine. Modeli hii haitoshi pale kizuizi kinapokuwa nje ya mtu, kama umbali, ada au utaratibu wa zahanati. Kwa hiyo soma pia Mkataba wa Ottawa wa 1986, unaogusa sera, mazingira, nguvu ya jamii, stadi za mtu na mwelekeo wa huduma zenyewe. Ila usirundike nadharia tatu ili kupamba sura ya pili. Chagua moja, na kila kipengele chake kiwe na maswali yake kwenye dodoso. Msahihishaji atalikagua hilo mapema.

Vibali vianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla: kamati ya maadili ya chuo, kisha barua za mkoa, wilaya, kata na mtaa. Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Data iliyokusanywa kabla ya kibali haihalalishwi baadaye.

Uwanjani, anza na majadiliano ya vikundi vya watu 6 hadi 10, dakika 60 hadi 90. Usiwachanganye wake na mama wakwe zao, maana wake watanyamaza. Mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, mwombe kwa heshima awaachie nafasi. Usiulize "kwa nini ulichelewa?", linasikika kama shutuma. Uliza "wanawake wa hapa hufanyaje wakigundua wana mimba?" Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno, weka muda huo kwenye ratiba.

Dodoso lijengwe kwa maneno uliyoyasikia kwenye vikundi. Ukilitafsiri, mtu mwingine asiyeona nakala ya awali alirudishe kwenye lugha ya kwanza, mlinganishe. Majibu ya ngazi tano yakisomwa kwa sauti huwachanganya watu. Uliza kwanza "unakubali au hukubali?", halafu "sana au kidogo?" Ukikadiria kwamba 50% ya watu wanalitenda tendo lako, kwa uhakika wa 95% na kosa la 5%, sampuli ni watu 384, gawanya kwa 0.9 kufidia wasiojibu, upate 427. Hesabu hiyo inadhani watu wamechaguliwa mmoja mmoja. Ukichagua mitaa michache na kuhoji kaya zake, majirani hufanana, hivyo zidisha sampuli, mara nyingi kwa 1.5 au 2. Kusahau kuzidisha huko ni kosa tunalolikuta mara kwa mara.

Ukifika kwenye ujumbe, rudi kwenye kizuizi. Kama wanawake wanaogopa kurudishwa, bango kwa mjamzito halisaidii kitu. Kaa na wauguzi, utaratibu wa mapokezi ubadilike. Kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania, 1973, haikuishia redioni: vikundi vilisikiliza, vikajadili, kisha vikachimba vyoo. Jaribu ujumbe wako kabla ya kuuchapa. Usiulize "umeipenda?", kwa sababu mgeni hajibiwi hapana. Uliza "picha hii inasema nini, na inamsema nani?"

Pima kabla na baada, ikiwezekana na kata nyingine ya kulinganisha. Na usiuamini umri wa mimba ulioandikwa kwenye rejista bila kuuliza ulipatikanaje, kwani wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Mhoji muuguzi anavyokadiria, na utumie njia ileile kabla na baada.